Inchi Moja Kila Upande

Maneno yenyewe yalisemwa mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje, maana shangazi mtu alikuwa anawahi basi.

"Sikiliza, kaka yangu. Sikusemi vibaya. Lakini mtoto kalala hospitali, katoka na mguu wa plasta, shule haendi, na wewe kutwa nzima uko kwenye cherehani. Mwisho wa mwaka wakisema anarudia darasa, nakuja kumchukua. Atakaa kwangu, atasoma kule. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na mimi sitaki ulimwengu umfunze mtoto wetu. Nimemaliza."

"Na wakisema amepita, dada?"

"Wakisema amepita nitakaa kimya. Na unajua mwenyewe, mimi kukaa kimya ni kazi."

Akaenda zake. Fundi akabaki amesimama katikati ya vipande vya vitambaa, na nyuma yake, kwenye kitanda kilichosogezwa karibu na meza ya kukatia, binti yake alikuwa amejifunika shuka mpaka machoni. Kusikia alikuwa amesikia yote. Nyumba yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha kazi na chumba cha nyuma cha kulala. Utamficha nini mtu humo?

Mtaani fundi huyu walimwita Inchi Moja, na jina lilimkaa. Hakuna nguo aliyoikata bila kuacha inchi moja ya mshono kila upande. Mafundi wengine huacha nusu, wengine robo, wengine, Mungu awasamehe, hawaachi kitu, na mwezi wa pili nguo inakuachia kwapani mbele za watu. Yeye, inchi moja. "Mtu hunenepa, mtoto hukua, nguo hurudi majini," alikuwa akisema. "Inchi moja kila upande, mengine tutaonana mbele." Wateja walimtania kwamba hata ukimwomba kitambaa cha kufutia miwani atakiongezea inchi. Alicheka nao, na inchi yake hakuipunguza.

Binti alikuwa wake peke yake. Mama yake alifariki mtoto akiwa bado anatambaa, na aliacha jina la utani tu: Pindo. Siku ya kujifungua alikuwa amesema, "Huyu ndiye pindo, kazi imeisha," kwa maana nguo ikishakunjwa pindo imekamilika, na yeye hataki mtoto mwingine. Basi Pindo akabaki Pindo. Alikuwa darasa la nne pikipiki ilipomgonga nje ya lango la shule na kumvunja mfupa wa paja. Mwalimu Mkuu, mwanamke mrefu anayesema kama anayekata kwa mkasi, alimwambia fundi bila kuzunguka: "Mlete mwisho wa mwaka tumpime. Akipita masomo yote atapanda na wenzake darasa la tano. Somo moja likianguka, anarudia. Sina upendeleo, mzee."

Sasa fikiria mtu aliyeacha shule darasa la sita, tena darasa la sita la kusukumwa, anaambiwa amfundishe mtoto hesabu, sayansi, jiografia na kusoma, huku wateja wanagonga mlango wakidai suruali zao. Fundi alikuwa na hofu hasa. Usiku alilala, lakini asubuhi akiamka kitu cha kwanza kumjia kichwani kilikuwa kile kitanda kikiwa kitupu.

Na hofu, jamani, ni mwalimu mbaya. Siku za mwanzo zilikuwa vita. Alimkalisha mtoto, akafungua kitabu cha robo na nusu na theluthi, akasoma kwa sauti kubwa kama mnadi samaki, kisha akauliza. Pindo akakosa. Akauliza tena kwa sauti kubwa zaidi, maana wengi wetu hudhani mtoto asiyeelewa ni kiziwi. Pindo akalia. Fundi akapiga meza, "Robo ni robo! Kuna nini kigumu hapo?" Na kwa kweli naye mwenyewe hakujua robo imekuwaje ikawa kubwa kuliko sehemu ya nane wakati nane ni kubwa kuliko nne.

Aliyemwokoa alikuja kutolewa nguo, yaani kupanuliwa. Alikuwa mwalimu wa darasa wa Pindo, aliyeitwa na watoto Mwalimu Miwani, na alikuwa mjamzito, gauni limeanza kumkataa. Alisikia ile robo akiwa bado nje.

"Fundi," alisema akikaa, "hili gauni utalitoa kwa kulipigia kelele?"

"Hapana, mwalimu. Nitafumua mshono, nitoe polepole."

"Basi na huyo vilevile."

Fundi aliona haya, akainama kwenye mshono, na wakati anafumua, Mwalimu Miwani akamwambia mambo ambayo yeye aliyashika kama mtu aliyetupiwa kamba kisimani. Usimfundishe ukiwa na hasira, kashone pindo moja kwanza ndipo urudi. Hesabu asubuhi, akili ikiwa mbichi, na usivute mpaka achoke: mwache angali anataka. Kila kitu kinachoweza kushikwa, mpe akishike kabla hujamwandikia. Akimaliza kusoma, funga kitabu akusimulie kwa maneno yake, na akishindwa kusimulia ujue hajasoma, ametamka tu. Ukikwama, sema umekwama, mtafute pamoja, hakuna aibu.

"Na moja kubwa kuliko yote," alisema akisimama kujaribu gauni. "Jibu asilojua limetoka wapi, asilipokee. Hata likitoka kinywani mwako, baba yake."

Hilo la mwisho fundi alilipenda, akaligeuza mchezo. Akawa anampa Pindo majibu ya uongo katikati ya kweli. "Nusu na robo jumla yake ni sehemu mbili za sita, tuendelee." Pindo akipokea, anaokota yeye pini zilizoanguka chini kwa sumaku iliyofungwa uzi, akiwa kitandani. Akikataa na kueleza kwa nini, anaokota baba, kwa magoti, chini ya meza. Haukupita muda fundi akawa na magoti mekundu kila siku, na mtoto anacheka mpaka plasta inamwasha.

Tangu hapo duka likawa shule. Robo ikafundishwa kwa kukunja kitambaa: kunja mara moja, nusu, kunja tena, robo, kunja tena, sehemu ya nane, na sasa angalia mwenyewe, Pindo, kipi kidogo? "Kumbe ukigawa kwa wengi kila mtu anapata kidogo!" Fundi aliitikia, "Ndiyo," kwa sauti ya mtu anayejua, na moyoni anasema, kumbe. Ramani waliichora kwa chaki ya fundi juu ya meza ya kukatia: nyumba, njia ya shule, kisima, soko, kaskazini kule kwenye pasi. Kwamba hatua mia za njiani zinakuwa inchi moja mezani, hilo halikumpa tabu mtoto aliyezoea kuona gauni la mtu mzima likichorwa kwanza kwenye karatasi ndogo. Maharage yaliota kwenye pamba dirishani, moja kwenye giza, moja kwenye mwanga, na kila siku Pindo alisema lipi limefanya nini na anadhani kwa nini.

Kusoma ndiko kulikuwa kwa ajabu. Fundi hukata vielelezo vyake kwenye magazeti ya zamani: mbele ya shati, mgongo, mkono, vyote vimetundikwa ukutani. Basi Pindo alisoma migongo na mikono. Habari inaanza vizuri, mwizi amekamatwa, anapelekwa mbele ya hakimu, na hapo pana tundu la shingo. "Hakimu akasema nini?" anauliza baba. Pindo anaangalia kilicho juu ya tundu na kilicho chini ya tundu, na anajaza maneno yaliyokatwa. Mwalimu Miwani alipoona hivyo alisema angependa darasa lake zima lisome mashati.

Jirani yao wa ukuta alikuwa fundi wa kuchomea madirisha ya chuma, na akianza kusaga chuma, pamoja na cherehani ya baba, humo ndani husikii hata jina lako. Kwa hiyo baba na mtoto walikuwa na lugha ya mikono. Kiganja wazi, ongeza. Ngumi, subiri. Vidole viwili vikifunguka na kujifunga, mkasi, yaani kata mshono, toa ya ziada. Pindo alikuwa kila akikwama anainua macho kutoka kwenye daftari na kutafuta mikono ya baba yake. Ilikuwa tabia tu, kama mtu anayetazama mlango akisikia hatua.

Mwalimu Miwani akajifungua. Akaenda likizo, na fundi akabaki na mada ya mwisho ya hesabu peke yake: eneo. Urefu mara upana. Akafurahi kweli. Hili hata mimi nalijua, alijiambia, hili ndilo linanilisha. Akamwekea mtoto vitambaa mezani. Tunataka mfuko wa mto, urefu huu, upana huu, tukate kitambaa cha ukubwa gani? Na kabla mtoto hajapima, wimbo ule ule: "Inchi moja kila upande, mengine tutaonana mbele." Pindo akapima, akaongeza, akazidisha, akakata. Wakashona, na mto ukaingia bila kugombana. Kila alichokikata kilienea. Fundi hakuwa na kipimo kingine cha kujua jibu sahihi, na hiki hakikuwahi kumdanganya maisha yake yote.

Siku ya mtihani ikafika, na shangazi mtu akafika nayo. Alishuka kwenye basi na begi kubwa jepesi. Pindo alimwamkia, "Shikamoo shangazi," akaitikiwa kwa upendo, akakumbatiwa, lakini macho ya fundi yalikuwa kwenye begi. Lilikuwa tupu, isipokuwa sare mpya moja ya rangi ambayo si ya shule yao. Dada yake aliitoa, akaikunjua, akailinganisha na mabega ya mtoto.

"Nimeishonesha kabisa," alisema. "Si kwa ubaya. Kujiandaa tu."

Fundi alikunja sare ile na kuirudisha begini.

Asubuhi Pindo aliandika karatasi zake peke yake. Mchana aliitwa kwenye ofisi ya Mwalimu Mkuu kwa maswali ya mdomo, akaingia kwa fimbo yake, mguu ukiwa bado haujaamini ardhi. Fundi na dada yake wakaketi kwenye benchi la barazani, mkabala na dirisha la ofisi. Vioo vilikuwa vimefunguliwa kwa ajili ya joto, kwa hiyo walimwona mtoto uso kwa uso, na Mwalimu Mkuu walimwona mgongo.

Kusoma kulianza. Pindo akasoma, kitabu kikafungwa, akasimulia, na akaongeza alichodhani yule mzee wa kwenye hadithi alikusudia lakini hakukisema. "Nani kakwambia?" "Hakuna, mwalimu. Nimejaza tundu." Sayansi ikapita. Ramani ikapita. Shangazi mtu aliacha kujipepea. Fundi alikuwa akifunga na kufungua tepu yake ya kupimia kidoleni, na kwa mara ya kwanza tangu ule mguu uvunjike alithubutu kufikiria mwakani.

Kisha Mwalimu Mkuu akavuta karatasi.

"Hii ni hesabu yako ya asubuhi. Sehemu umepata. Kugawanya umepata, vizuri sana. Lakini maeneo umekosa yote, hata moja hukupata, na bila hayo hufiki alama ya kupita. Inanishangaza. Nitakuuliza moja kwa mdomo. Ukinieleza sawasawa nitaamini unalijua somo, na nitakupitisha. Umenielewa?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Bustani ya shule ina urefu wa mita nane na upana wa mita tano. Eneo lake?"

Pindo hakukawia. "Mita za mraba sabini."

Barazani shangazi mtu alimgeukia kaka yake. "Sabini ndiyo?"

Fundi alikuwa akihesabu. Nane mara tano ni arobaini, hilo analijua kila mtu, sabini imetoka wapi? Mtoto hajui kuzidisha? Anajua! Sabini ni saba mara kumi. Kumi ni nane na mbili. Saba ni tano na mbili. Moja upande huu, moja upande huu... Alikuwa ameisikia sauti yake mwenyewe ikiimba juu ya meza ya kukatia, siku baada ya siku. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na fundi wa watu aliketi pale na tepu mkononi akiona kilichomla. Mtoto alikuwa ameishonea bustani mshono.

"Sabini," alisema Mwalimu Mkuu taratibu. "Usiharakishe. Rudi nyuma, fikiria tena. Bustani. Mita nane, mita tano."

Pindo alikunja uso. Midomo yake ilikuwa ikitembea bila sauti, na fundi, aliyejua kila mkunjo wa uso ule, aliona kwamba mtoto anarudi nyuma kweli, anafumua jibu lake mshono kwa mshono. Angeachwa. Mwenyezi Mungu shahidi, angeachwa tu! Lakini begi lilikuwa pale miguuni pa dada yake, limefunguka mdomo. Na Pindo, kwa ile tabia yake, akainua macho kutafuta mikono ya baba.

Mkono wa fundi ulikuwa umeshapanda. Vidole viwili, mkasi, kata mshono.

Pindo aliona. Alimtazama baba yake, kisha akamtazama Mwalimu Mkuu.

"Mwalimu, baba ananiambia nikate mshono."

"Anakuambia nini?"

"Nikate mshono. Nikikata inakuwa arobaini." Sauti ilimtetemeka. "Lakini mimi sijui bado kwa nini nikate. Na baba alisema jibu nisilolijua limetoka wapi nisilipokee, hata likitoka kwake. Sasa sijui kama ananijaribu ama vipi."

Loo! Kuna aibu za kukufanya utamani ardhi ipasuke, na ardhi, kama kawaida yake, haikupasuka. Mwalimu Mkuu aligeuka kwenye kiti. Fundi alikuwa bado na vidole vyake hewani.

"Fundi, ingia."

Aliingia, akasimama karibu na mtoto. Hakujitetea. "Kosa ni langu, mwalimu. Mara mbili. Nilimfundisha kupima kama fundi, kila kitu aongeze cha mshono. Halafu sasa hivi nimemwibia jibu. Mtoto hana kosa lolote. Nakuomba, muulize lingine. Nitakaa mbali, nitaenda mpaka barabarani."

Mwalimu Mkuu alivua miwani, akayafinya macho. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililouma zaidi.

"Nilimpa nafasi afikirie," alisema. "Na alikuwa anafikiria, nilimwona. Pengine angefika. Sasa umeshampa njia, na swali lolote la eneo nitakalomuuliza leo atalijibu kwa kukata alichoambiwa akate. Sitajua kamwe kama angefika peke yake. Na wewe hutajua." Akamgeukia Pindo, na sauti ikalainika kidogo. "Kosa lako lina akili, mwanangu. Lakini ni kosa. Utarudia darasa la nne."

Pindo hakulia mle ndani. Alisema, "Ahsante, mwalimu," akachukua fimbo yake.

Njia nzima ya kurudi shangazi mtu hakusema neno. Fundi alingoja asemwe. Alitaka asemwe. Dada yake huyu alikuwa hawezi kupita penye mbuzi aliyefungwa vibaya bila kumtafuta mwenye mbuzi amfunze, na leo anatembea kimya, begi begani, akipunguza hatua zake ziwe sawa na za mtoto. Fundi aliuelewa ukimya ule kwa namna moja tu: neno lilishasemwa siku ile mlangoni, la kuongeza nini?

Walipofika, hakungoja kuambiwa. Alichukua begi, akaliweka juu ya meza ya kukatia na kuanza kupanga nguo za mtoto. Magauni mawili ya nyumbani. Sketi. Sweta ambalo mikono yake aliirefusha mwenyewe. Kila nguo aliikunja kama ya mteja mgumu, pembe kwa pembe, maana akiacha kukunja atabaki na mikono mitupu na hajui ataipeleka wapi. Jirani alikuwa hasagi chuma siku hiyo, na nyumba ilikuwa na ukimya wa kukera.

"Usisahau lile gauni la maua," alisema bila kumwangalia mtu. "Ukitaka kulirefusha, dada, ndani mna nafasi, niliacha."

Shangazi mtu alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja. Hakuwa akimtazama kaka yake. Alikuwa akimtazama Pindo, aliyeshuka sakafuni, mguu mmoja umenyooka, na tepu ya baba mkononi. Alipima sakafu kutoka ukuta wa mlangoni mpaka ukuta wa jirani. Akafika ukutani, tepu ikagota. Akaisukuma, ikapinda. Akaisukuma tena.

"Baba," alisema. "Haiendi."

"Nini, mama?"

"Inchi. Nataka kuongeza inchi na ukuta hautaki." Aligota ukuta kwa kidole, akafikiri. "Sakafu imeshafika mwisho. Haishonwi na kitu. Kitambaa tunaongeza kwa sababu kuna kingine kinakuja kushikana nacho, lakini hii hakuna kinachokuja. Na bustani vilevile. Ni arobaini, baba. Sasa najua."

Fundi alishika ukingo wa meza. Saa nzima haijapita tangu watoke ofisini. Angefika, basi. Angefika mwenyewe, kama vile vidole viwili vingekaa chini. Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, mtu mzima, mbele ya dada yake, sweta likiwa mkononi.

Shangazi mtu akasimama.

"Sasa nyamaza, nizungumze, maana nimekaa kimya mpaka mbavu zinaniuma." Alijifunga kanga kiunoni. "Mimi nilikuja kumchukua mtoto kwa sababu nilisema hakuna anayemfunza. Leo nimekaa kwenye lile benchi, nimekuona wewe, kaka yangu wa damu, unaiba jibu. Nimemwona na mtoto analikataa. Lingempitisha, na analikataa, mbele ya mkubwa wake, huku anatetemeka. Njia nzima nimejiuliza, hilo kalitoa wapi? Hospitali hawafundishi. Shule hajaenda. Humu ndani mko wawili tu."

Fundi alifuta uso kwa sweta. "Lakini ulisema akirudia..."

"Nilisema. Na mimi huwa sirudi nyuma, unanijua, kwa hiyo leo niangalie vizuri, hutaona tena." Alivuta begi, akatoa nguo za mtoto moja moja, akazirusha kitandani bila heshima yoyote kwa mikunjo ile. Chini kabisa akakuta ile sare mpya, akamtupia. "Ifumue hii. Geuza, paka rangi, fanya unavyojua, iwe ya shule yake."

Fundi aliigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono wa ubavuni. Kazi ya haraka ilikuwa, mshono umekaa ukingoni kabisa.

"Haitoki kitu hapa, dada. Hawakuacha nafasi. Miezi miwili tu itakuwa imembana."

"Basi mshonee nyingine. Mwaka mzima mwingine anakaa darasa la nne, na mtoto anakua. Weka hiyo inchi yako moja."

"Mbili, shangazi," alisema Pindo kutoka sakafuni, akizungusha tepu kidoleni. "Ni kila upande."

Fundi akavuta kitambaa kutoka rafuni, akakitandaza mezani, akaanza kuitafuta chaki yake. Aliitafuta kwenye droo, chini ya pasi, nyuma ya cherehani, mpaka dada yake akamwambia anayo mkononi.